Kabla hujauliza dawa, niambie anakuja saa ngapi

Watu wakija hapa kwetu Msabaha, kaunti ya Kilifi, wakaiona bustani, swali ni hilohilo moja, we watumia dawa gani? Nami huwarudishia swali, huyo mdudu wako ama mnyama wako anakuja saa ngapi, anapitia wapi na anafuata nini? Wengine huona nawazungusha tu lakini wallahi sina jibu jengine, manake miaka yote nilolima hapa sijaona kiumbe hata kimoja kinachokuja hovyo. Kila mmoja ana saa yake, ana njia yake na kuna kitu anakifuata, ukishakijua hicho kazi kubwa ishakwisha na hujatoa hata shilingi agroveti.

Kwetu sio shamba kubwa. Kuna minazi ya zamani tuloikuta, kuna miembe ya ngowe na ya apple na mmoja wa boribo, mipapai, migomba pembeni ya bafu la nje, ndimu, na nyuma ya jikoni ndio kuna mboga zenyewe, mchicha, mnavu, bamia, biringanya, na sukuma kidogo wakati wa mvua. Nazi na maembe yakizidi nauza, mboga ni za kula nyumbani. Na tuko jirani na Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba kama 420, mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyobaki kwenye ukanda huu wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa hivyo wageni hawakosi, wa mbawa, wa miguu minne na wasio na miguu kabisa.

Nianze na majimoto kwa sababu hao ndio walionifunza kuangalia. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa majimoto ni nani, wale chungu wekundu wanaoyavuta majani ya mwembe ama mkorosho wakayashona yakawa kiota. Wanashona kweli, wanawabeba mabuu yao mdomoni wakawapitisha ukingo wa jani hili mpaka jani lile, buu linatoa uzi wa hariri na kiota kinafungika. Sasa watu wengi wakihamia ploti mpya kitu cha kwanza ni kuwachoma moto majimoto, manake wanauma na wakiuma panawaka. Mimi naomba mtu akinisoma leo asiwachome kabla hajamaliza hii habari.

Mkwezi wetu ni mzee wa Kigiriama, mimi namwita babu na yeye ananiita mwanangu. Kuna msimu minazi ya upande wa barabara ilikuwa yapukutisha vidaka, vile vinazi vichanga, kila siku, unafagia asubuhi na jioni kumejaa tena, kitale cha kuhesabu, dafu hakuna. Nikamwambia, babu, hii minazi yaniangushia vidaka, niitie dawa gani? Hakunijibu. Akazunguka shina, akaangalia juu, akaangalia mwembe wa pili yake, halafu akaniuliza, mwanangu, majimoto waliokuwa huku wameenda wapi? Nikamwambia tangu moto wa jaa la jirani uruke ukaunguza matawi ya huku sijawaona. Akasema basi ndio hapo, hao ndio waliokuwa walinzi, walinzi wakiondoka mwizi haombi ruhusa.

Na mwizi mwenyewe nimekuja kumjua. Kuna mdudu mmoja wa kahawia, jamii ya kunguni, mwembamba, mwepesi wa kujificha, wataalamu wanamwita Pseudotheraptus wayi. Anafyonza maua na vidaka vikiwa vichanga, na pale anapodunga mate yake yanaua nyama ya kidaka, kikidungwa sana kinaanguka na kilichobaki juu kinakua na makovu na gundi iliyokauka kwenye ganda, nazi yenyewe yatoka ndogo. Hauhitaji wengi, wachache tu wanatosha kukuharibia mnazi mzima, na kwa vile wako juu kule kichwani hata hauwaoni. Zanzibar walilichunguza jambo hili tangu miaka ya 1950 wakakuta palipo na majimoto wengi mnazi unazaa, na pale majimoto walipofukuzwa na sisimizi wadogo wa ardhini wenye askari wa vichwa vikubwa, mnazi unateseka. Yaani juu ya mnazi kuna vita vya chungu kwa chungu na nazi yako inategemea nani kashinda.

Kwa hivyo tukawarudisha. Babu alikata viota kwenye mkorosho wa jamaa yake, asubuhi mapema sana kabla jua halijapanda manake saa hizo wanakuwa wazito, akavitia kwenye gunia akalifunga, tukaja kuvitundika kwenye minazi na ule mwembe. Lazima viota vitoke kwa ukoo mmoja, ukichanganya koo mbili wanauana mpaka wanakwisha wote na umerudi ulipoanza. Halafu tukafunga kamba za katani kutoka mti hadi mti ili wapite juu kwa juu wasilazimike kushuka chini kwa hao sisimizi, na siku za mwanzo nilikuwa natundika matumbo ya samaki kwenye tawi wapate kula wasitawanyike. Haikuwa kazi ya wiki moja, upunga lazima uchanue na kidaka kishike ndio ujue kama imefaulu, lakini msimu uliofuata vidaka vilishika na ufagio wangu ukapumzika.

Lakini sitaki mtu adhani majimoto ni malaika. Wanafuga. Wanawalinda vidung'ata na wadudu wengine wafyonzaji kwa sababu wanakunywa ile sukari wanayotoa, na sukari ikidondokea majani unaota ule ukungu mweusi kama masizi. Kwa hivyo kwenye mipapai na kwenye ndimu, miti ninayoigusa kila siku, siwataki, nakata tawi lolote linalogusana na mwembe na njia yao yafungika. Kwenye minazi na miembe mikubwa wakae wanavyotaka. Na mkwezi ana haki yake pia, babu anajipaka majivu mikononi na miguuni kabla ya kupanda, na siku ya kuangua tunaanza alfajiri. Ukimuita mkwezi saa sita mchana apande mti wenye majimoto umemdhulumu.

Tukiwa bado kwenye mnazi, kuna chonga. Huyu ni yule mdudu mweusi mkubwa mwenye pembe, anatoboa kuti likiwa bado halijafunguka, likija kufunguka unaliona limekatwa pembetatu kama limepitiwa na mkasi. Majimoto hawamuwezi. Chonga halelewi kule juu, manake mabuu yake, yale meupe manono yaliyojikunja, yanakulia kwenye magogo ya mnazi yaliyooza na kwenye lundo la samadi. Kwa hivyo huna haja ya kumfukuza juu, shuka chini utafute anapolelewa. Gogo la mnazi ulioanguka kwetu halilali, linapasuliwa kuni ama linachomwa, na samadi naipindua mara kwa mara kuku wakiwa wamefunguliwa, kuku wanayajua hayo mabuu kuliko mimi. Mnazi mchanga ndio wa kuulinda hasa, babu hutia mchanga mkavu na majivu kwenye makwapa ya makuti, na akiona tundu jipya anaingiza waya wenye ncha ya ndoana anamtoa. Mnazi mchanga chonga akifika kwenye moyo umekwenda.

Sasa maembe. Ukikaa na wazee wa hapa watakwambia zamani embe la ngowe ulikuwa unalikata bila kulikagua, na mimi nawaamini kwa sababu huyu inzi mkubwa wa maembe sio wa huku. Ametoka Asia, na Kenya aligunduliwa mara ya kwanza mwaka 2003, na ni hapahapa Pwani. Watu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kule Nairobi, walimsoma, mara ya kwanza akaitwa Bactrocera invadens halafu mwaka 2015 wakakubaliana kuwa ni yuleyule Bactrocera dorsalis anayejulikana Asia siku nyingi. Nayataja haya kwa sababu watu wanajilaumu, eti siku hizi maembe yana funza kwa vile hatujui kulima. Hapana, tumeletewa adui mpya na lazima tujifunze mambo yake.

Mambo yake ni haya. Jike anatoboa ngozi ya embe linapoanza kukomaa anataga mayai ndani, funza wanakula nyama, embe linaoza linaanguka, na pale chini ndio siri yote ilipo, funza anatoka kwenye embe anaingia mchangani anajifunga ganda na baada ya siku kadhaa anatoka inzi mzima anayeruka juu kwenye embe lako jengine. Kwa hivyo lile embe lililooza unaloliacha chini ya mti ndio kiwanda chenyewe. Watu wanasprei juu huku chini wanawalea. Mimi msimu wa maembe kazi ya kwanza baada ya swala na chai ni kuokota yote yaliyoanguka, kila siku, hata yale yanayoonekana mazima, na siyatupi jaani. Ama nayafukia futi mbili kwenda chini, ukifukia juujuu wanatoka, ama nayatia kwenye dramu ya plastiki yenye mfuniko nikaiweka juani siku nyingi mpaka yawe uji, joto linawamaliza. Zamani watu walikuwa wanafunga kwenye mifuko myeusi ya plastiki lakini tangu katazo la mifuko la Agosti 2017 hiyo ikawa ngumu, na dramu kwa kweli ni nzuri zaidi. Kuku nawafungulia chini ya miembe wachakure. Na embe silingojei liive mtini, likishajaa mabega naangua naliivisha ndani. Mitego ya kuvutia madume ipo agroveti na inasaidia, ila mtego bila kuokota hausaidii kitu, na ploti moja kuokota huku jirani haokoti inasaidia nusu tu. Ndio maana nimezunguka kwa majirani zangu nikiongea mpaka nimechosha watu, na wengi sasa wanaokota.

Na hapa majimoto wanarudi tena. Kule Benin watafiti walipima miembe wakakuta yenye majimoto wengi inaharibiwa na inzi kidogo sana kuliko isiyo nao, manake inzi anahitaji kutulia kidogo juu ya embe ili atage na majimoto hawampi huo utulivu. Ule mwembe wangu wa boribo wenye viota ndio unaotoa maembe safi kuliko yote na siupigii dawa yoyote. Nikiupigia nitawaua wao kwanza.

Tumbili sasa. Hili ndilo linaloumiza watu moyo manake mdudu anakula kidogo kidogo lakini kundi la tumbili linamaliza mahindi ya mvua nzima kwa asubuhi moja, na lile wasilolila wanaling'ata wakalitupa. Nimeona watu wazima wakitaka kulia. Ila tumbili huwezi kumshinda bila kumheshimu akili yake. Kule Amboseli watafiti waliwarekodi milio yao, na mwaka 1980 wakaeleza kwamba wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka, kila mmoja mbali. Ukiwachezea kanda ya mlio wa chui wanakimbilia mtini, wa tai wanaangalia juu na kuingia vichakani, wa nyoka wanasimama kwa miguu ya nyuma wanachungulia majani. Sasa kiumbe anayepashana habari namna hiyo, sanamu la matambara utalomsimamishia atalijua siku ya pili, na makopo ya kupiga kelele yataisha nguvu wiki hiyohiyo.

Nilichofanya mimi ni kukaa barazani na chai nikiwaangalia tu, siku nyingi, bila kuwafukuza. Wanatoka kwenye miti yao ya kulala jua likishapanda, wanafika kwetu kama saa moja na nusu, wanapotea mchana wa jua kali, wanarudi saa kumi na saa kumi na moja jioni. Mmoja anatangulia anakaa juu anaangalia nyumba. Mimi nikitoka wananiangalia tu, mume wangu akitoka washapotea, wanaume wanawaogopa na wanawake na watoto hatuwatishi hata kidogo. Na njia ni ileile kila siku, mwembe wa jirani, tawi la mwarobaini, paa la bafu, mgomba. Basi tawi la mwarobaini likakatwa. Hapo tu washalazimika kushuka chini na kuvuka uwazi, na tumbili hapendi uwazi, hasa penye mbwa.

Halafu nikahamisha vitu. Mahindi na chochote kitamu kikaja karibu na mlango wa jikoni, na kule ukingoni nikapanda wasivyovitaka, pilipili, tangawizi, bizari, mchaichai. Ndizi hazingojwi kwenye mgomba, mkungu ukijaa unakatwa na kufunikwa gunia ndani. Papai likipata mstari wa kwanza wa manjano linaingia nyumbani. Maganda na mabaki ya vyakula hayakai wazi. Na wakati wa kaskazi, kukikauka, wanafuata maji kama wanavyofuata chakula, bomba linalovuja ni mwaliko. Kulinda kwenyewe ni masaa mawili asubuhi na masaa mawili jioni, hiyo kazi tumemwachia mume wangu na kijana wetu mkubwa kwa zamu, mchana kila mtu na shughuli zake.

Jambo moja nalisema kwa uchungu, kuwalisha. Nenda magofu ya Gede uone kima walivyozoea ndizi za wageni, anakuja mpaka mkononi. Inapendeza kwenye picha, lakini mnyama aliyejifunza kuwa binadamu ni chakula hamalizii hapo, anaingia majumbani, na anayekuja kupigwa mawe na kutegewa sumu ni yeye. Na sumu usithubutu. Kwanza wanyamapori wanalindwa na sheria ya 2013, ni kesi, na pili ndizi yenye sumu haijui nani kaiokota, anaweza kuwa mbwa, anaweza kuwa mtoto. Kundi la nyani likikushinda kabisa waite KWS, shirika la serikali la wanyamapori, nyani dume mzima sio wa kukabiliwa na fimbo.

Usiku bustani inabadilisha wenyewe. Konokono wale wakubwa wanatoka baada ya mvua, na hao ni wetu asili, pwani hii ya Afrika Mashariki ndio kwao na kutoka huku wamesambazwa dunia nzima, mpaka Florida kule Marekani serikali imepigana nao miaka na miaka. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja na anataga mayai mia na zaidi kwa mkupuo mmoja, kwa hivyo anayekuponyoka leo ni kundi la kesho. Dawa yake ni tochi na ndoo, saa mbili usiku, mvua ikishakatika. Mchana naweka kipande cha ubao ama gunia bichi kati ya matuta, asubuhi naliinua wako chini yake. Shika kwa glavu ama mfuko manake wanabeba minyoo ya panya inayoweza kumdhuru mtu, na mchicha uoshe vizuri. Chumvi usimwage, utawaua konokono na ardhi pia.

Popo wanakuja kwenye mapera na maembe yaliyoiva mtini, na jibu lake nishasema, usiache yaive mtini. Ila popo simfukuzi na simruhusu mtoto amrushie kitu. Maua ya mbuyu yanafunguka usiku na popo ni katika wanaoyachavusha, na mibuyu ya kaunti hii ya Kilifi, tunayokula mabuyu yake na kuuza, ningependa wajukuu waikute.

Panya ndio adui wa kweli wa usiku, anakula mbegu kabla hazijaota, anatoboa nazi changa, anaingia kwenye gunia la mahindi. Na hapa nina msimamo mkali, sumu ya panya siingizi kwangu. Zile nyingi zinazouzwa zinamfanya panya atokwe na damu ndani kwa siku kadhaa, siku hizo anakuwa mzito, anayumba, na huyo ndiye paka wako anayemkamata kirahisi, huyo ndiye bundi anayemchukua. Unaua panya mmoja unamuua na mlaji wa panya, halafu panya waliobaki wanazaa bila hofu. Bundi watu wanamuogopa, akilia juu ya paa mtu anatoka na mawe eti ametabiri msiba, na wakwe zangu walikuwa hivyohivyo. Mimi niliwaonyesha vile vidonge wanavyotapika chini ya mnazi, ukivipasua ni mifupa ya panya mitupu, fuvu juu ya fuvu. Mama mkwe alivitazama muda, akasema, kumbe huyu yuko kazini. Tangu siku hiyo hakuna anayemrushia jiwe hapa. Nafaka zinakaa kwenye madebe yenye mifuniko, magogo na makuti makavu hayarundikwi ukutani, paka anashiba ila sio sana.

Na panya wakipungua nyoka wanapungua, hilo ndilo ningetaka kila mama wa nyumbani alijue, nyoka anafuata panya na vyura na kivuli, wewe hakufuati. Tunao wa hatari, bafe anayelala kwenye majani makavu asisogee hata ukimkaribia, swila anayetema sumu machoni, na koboko. Wapo na wengi wasio na madhara kabisa ambao wanauawa kwa jina tu. Sipiti bustanini usiku bila tochi na viatu, siingizi mkono mahali nisipopaona, naanza kugusa kwa kijiti. Nikimuona nyoka karibu na nyumba watoto wanarudi nyuma, mtu mmoja anabaki kwa mbali amuangalie asipotee, na tunapiga simu kwa watu wa kuwatoa. Watamu pale kuna Bio-Ken, ilianzishwa mwaka 1980 na marehemu James Ashe, wanaowajua nyoka wa huku kuliko mtu yeyote, na wanaojua kumtoa nyoka akiwa hai. Mtu akiumwa, usimchanje, usinyonye, usifunge kamba, usimpake chochote. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, mlaze atulie asitembee, gari litafutwe mara moja aende hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Swila akitema machoni osha kwa maji mengi tena mengi, papo hapo, halafu hospitali. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mwaka 2017, na sisi wa vijijini tunajua kwa nini, wanaokufa wengi ni wale waliopitishwa kwanza kwingine.

Mboga hazina mambo mengi. Vidukari kwenye sukuma na vidudu vya bamia nawapigia mwarobaini, mbegu kavu nusu kilo natwanga, naloweka kwenye maji lita kumi usiku kucha, asubuhi nachuja kwa leso, na jioni jua likishalala natia sabuni kidogo nikapulizia chini ya majani. Jioni, manake jua linaiua nguvu yake. Ukiona wale wadudu mviringo wekundu wenye madoa meusi kwenye sukuma usipulizie kabisa, wako mezani wanakula vidukari. Viwavijeshi vamizi waliotufikia miaka ya 2016 na 2017 nawatafuta kwa mkono kwenye moyo wa mhindi ukiwa mdogo, na pakiwa na kinyesi chake kama vumbi la mbao natia mchanga na majivu mlemle ndani. Bustani ya nyumbani inaruhusu hivyo, mashina yanahesabika.

Na mwisho ni ndimu. Kuna kiwavi kwenye majani ya ndimu, akiwa mdogo utadhani ni kinyesi cha ndege, akikua anakuwa wa kijani na ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Watoto wanamuogopa na wakulima wanamponda. Huyo ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano unayemuona kila siku, na hapo Gede tangu mwaka 1993 kuna mradi wa Kipepeo ambapo watu wanaoishi kando ya msitu wanalea vipepeo wa kila namna wakauza pupa wao, yaani kiwavi akishajifunga ganda, nje ya nchi, watu wakasomesha watoto kwa kazi hiyo. Mche wa ndimu ambao haujafika magotini viwavi wawili watatu wanaweza kuumaliza majani, kwa hivyo kwenye miche napita kila asubuhi. Lakini simpondi. Namchukua na jani lake nampeleka kwenye ule mndimu mkubwa wa nyuma, ale huko, mti mzima hauhisi kitu na ndimu zake hazijapungua hata msimu mmoja.